Namna ya kuchuja juri Texas, kwa msaidizi wa wakili na wakili anaeanza

Watu 65 walioitwa kwa ajili ya juri, yaani wale raia 12 wa kawaida watakaoamua kama mshtakiwa ana hatia, wanaingia kwa foleni, kila mmoja ana namba yake, wanajipanga kwenye mabenchi kama kanisani, jaji anawasalimia na kuwaambia kesi inahusu nini, alafu anamgeukia wakili anasema una dakika 45. Ndani ya hizo dakika 45 inabidi ujue ni nani kati ya hawa hawezi kabisa kumsikiliza mteja wako.

Mimi nafanya kazi na mawakili wa utetezi hapa Houston, mwaka wa tisa huu, na siku ya kuchuja juri kazi yangu ni kukaa mezani pembeni ya mteja nikishika chati, ile karatasi inayoonyesha kila mtu amekaa wapi na amesema nini. Naandika kwa ajili ya vijana wetu wanaosoma sheria huku, wasaidizi wanaoanza ofisini, na ndugu yeyote mwenye kesi anaetaka kuelewa wakili wake anafanya nini pale mbele. Kwetu hatujazoea mambo haya. Tanzania tunawajua wazee wa baraza, Kenya nao walikuwa na wazee wao wa mahakama mpaka walipofutwa 2007, ila hakuna mahali mawakili wanakaa asubuhi nzima kuwauliza wale wazee wanafikiria nini kuhusu polisi. Kwa hiyo watu wetu wakiona wanashangaa. Mzee mmoja wa Uvira, Kongo, aliniinamia sikioni akaniuliza, "Mwanangu, juu ya nini avoka (wakili) anaongea na hawa watu tu? Atanitetea saa ngapi?" Nikamwambia mzee, ndo ameshaanza kukutetea.

Kitu cha kwanza, na hata mawakili wa siku nyingi wanasahau: huchagui juri. Neno "kuchagua" linadanganya. Huna uwezo wa kumnyooshea mtu kidole ukasema namtaka yule mama wa namba 14. Unachoweza ni kutoa, wapinzani wako nao wanatoa, na wanaobaki mbele ndo wanakaa. Kwa hiyo usipoteze muda kuwatafuta wanaokupenda, tena ukimpata anaekupenda na akasema kwa sauti umemchoma mwenyewe, upande wa pili watamkata kabla hujakaa chini. Tafuta wale ambao ukiwaacha watakuzika.

Kuna njia mbili za kumtoa mtu. Moja ni kumtoa kwa sababu, yaani ameonyesha kwa maneno yake kwamba hawezi kufuata sheria au hawezi kuwa wa haki kwenye kesi hii, na hizi hazina idadi, hata ukiwa nao 20 unaweza kuomba wote 20 watoke, jaji ndo anaamua. Ya pili ni kumkata bila kutoa sababu, na hizo zinahesabika. Kwenye kesi kubwa ya jinai hapa Texas kila upande una 10. Juri ni watu 12. Jumlisha sasa: 12 na 10 na 10 ni 32. Maana yake kama hakuna hata mmoja aliyetolewa kwa sababu, juri yako yote itatoka ndani ya watu 32 wa kwanza, yule wa namba 50 hata awe na mawazo gani hakufikii. Wakitolewa 8 kwa sababu, mstari unasogea mpaka 40. Nimeona wakili kijana anabishana dakika sita na mtu wa namba 58 huku namba 7 amekaa kimya amekunja mikono, na namba 7 akaingia kwenye juri bila hata kusikika sauti yake. Chora huo mstari kwenye chati yako kabla ya kitu chochote na kila mtu akitolewa usogeze.

Kuna kitu kingine cha Texas, kuchanganya majina. Kabla maswali hayajaanza upande wowote unaweza kuomba majina yachanganywe upya na watu wakae kwa mpangilio mwingine, mara moja tu. Hapo unakuwa umeshawaona walivyokaa na umesoma kadi zao, basi ukiona mbele pale pamejaa watu ambao kadi zao zinakutisha unaomba. Ila angalia unaomba kwa sababu gani, nitarudi hapo kwenye habari ya Dallas.

Haya, maandalizi. Wiki kadhaa kabla, kaeni chini na wakili muandike mambo mabaya ya kesi yenu, yale yanayowanyima usingizi. Mteja alikuwa amelewa. Mteja alikimbia. Mteja hatatoa ushahidi. Mteja alishafungwa zamani. Mshtaki ni polisi. Watu wengi wanaandaa maswali kutoka kwenye mazuri ya kesi na hapo wanakosea, manake mazuri hayahitaji kuchujwa, yatajisemea yenyewe kwenye ushahidi. Kila baya moja linazaa swali moja, na kwa kila baya jiulize ni mtu aliyepitia maisha gani ambae akilisikia hili masikio yake yatafunga. Usiandike "mwalimu", usiandike "mzungu mzee", hayo ni makisio, na mengine ni kosa la kisheria kabisa. Andika "mtu ambae ndugu yake aliuawa na dereva mlevi". Huyo anaweza kuwa mwalimu, anaweza kuwa fundi bomba, huwezi kumjua kwa sura, utamjua akisema.

Najua kuna biashara nzima ya wataalamu wa juri. Ilipata umaarufu tangu 1972 huko Harrisburg, Pennsylvania, ambapo wanasosholojia waliwasaidia mawakili wa wapinzani wa vita vya Vietnam kwa kupiga kura za maoni mtaani kabla ya kesi, na juri ikashindwa kukubaliana kwenye shtaka kubwa. Wenye hela waendelee kuwaajiri. Mimi wateja wangu ni madereva wa malori na akina mama wa viwanda vya kuku, hawana hela hiyo, na kwa nilivyoona hakuna kura ya maoni inayoshinda mtu mwenyewe kusimama akasema kinachomsumbua.

Kuhusu taarifa za awali, Texas kila mtu anajaza kadi: umri, kazi, mwajiri, ndoa, watoto, kama aliwahi kukaa kwenye juri, kama aliwahi kushtakiwa. Ni kidogo lakini ni mwanzo. Kesi ikiwa kubwa au imevuma muombe jaji fomu ndefu zaidi. Kwenye kesi ya Derek Chauvin, yule polisi wa Minneapolis aliyemuua George Floyd, watu walitumiwa fomu ya kurasa 14 nyumbani mwezi wa 12 mwaka 2020, alafu mwezi wa tatu wakahojiwa mmoja mmoja kwa wiki mbili. Katikati ya zoezi jiji likatangaza kuilipa familia dola milioni 27, jaji akawaita tena waliokwishapita akawauliza kama wamesikia, na wawili wakatolewa. Mtu kwenye fomu anaweza kusema vitu ambavyo hawezi kusema mbele ya wenzake 64, hasa mambo ya kubakwa, kupigwa nyumbani au ndugu kufungwa. Kwenye kesi za namna hiyo mimi fomu naipigania sana, na tukinyimwa tunaomba mtu aruhusiwe kusogea kwa jaji azungumze pembeni.

Mitandao: ruksa kuangalia kilicho wazi. Chama cha mawakili wa Marekani kilitoa mwongozo 2014, unaangalia kilicho wazi kwa kila mtu lakini huruhusiwi kuomba urafiki, kumfolo mtu ili akufungulie, wala kumtumia mwenzako amuombe. Mtu mmoja wa timu akae nje kwenye korido na laptopu, akipata majina aanze na wale 40 wa kwanza. New York 2024 kwenye kesi ya Trump mawakili walileta posti za zamani za Facebook mbele ya jaji na kuna waliotolewa kwa hizo posti. Kwenye kesi hiyo hiyo kundi la kwanza la watu 96, zaidi ya nusu walisema wenyewe hawawezi kuwa wa haki, wakaruhusiwa kwenda. Ona hapo, watu wakiulizwa kwa heshima wengi wanasema ukweli.

Sasa maswali yenyewe. Swali baya kuliko yote, na utalisikia kila siku, ni "kuna yeyote hapa ambae hawezi kuwa wa haki?" Nani atanyoosha mkono? Hakuna mtu anaejiona si wa haki. Uliza alichopitia na anachokiona, kwa maneno yanayomfanya aongee: "Niambieni, mkisikia mtu kakamatwa na polisi, kitu gani kinakuja kichwani kwanza?" Kisha nyamaza. Kunyamaza ni kazi ngumu, wakili anaona sekunde tano kama saa nzima, anajijibu mwenyewe, anaharibu. Acha ukimya ufanye kazi, mtu mmoja ataongea tu.

Akiongea na akasema kitu kibaya kwako, mfano "mimi naona mtu asiyesimama kujitetea ana kitu anaficha", usimbishie. Narudia, usimbishie na wala usimfundishe sheria. Mwambie asante kwa ukweli, alafu geuka kwa wengine: "Nani mwingine anamuelewa namba 11? Namba 19 nimekuona umetikisa kichwa, wewe unaonaje?" Mawakili wengi wanaogopa kwamba maneno mabaya yatawaambukiza waliobaki, mimi sijaona hivo. Ninachoona ni kwamba yule alikuwa analiwaza hilo kimya na angeenda nalo mpaka chumba cha maamuzi ambako wewe haupo. Bora aseme sasa.

Njia nyingine nzuri muda ukiwa mfupi ni namba. "Kuanzia moja mpaka tano, moja hukubaliani kabisa, tano unakubali kabisa: neno la polisi linaaminika kuliko la mtu mwingine yeyote." Unapita mstari kwa mstari kila mtu anataja namba yake, dakika nne umewasikia watu 40 wote hata wale mabubu, na msaidizi anaandika kwenye kila kiboksi. Kisha unarudi kwa wale wa tano na wa nne.

Mipaka ipo. Hapa Texas tangu kesi ya Standefer ya 2001 huruhusiwi kumfunga mtu kwa ahadi kuhusu ushahidi wa kesi yako, mfano "mkisikia alikimbia mtamuona ana hatia?" kama sheria yenyewe haidai ahadi hiyo. Unaruhusiwa kuuliza kama wataweza kufuata sheria: haki ya kukaa kimya, mzigo wa kuthibitisha ni wa serikali, na adhabu. Adhabu usiiruke kabisa, manake Texas mshtakiwa anaweza kuomba juri ndo imhukumu kifungo, na ombi hilo liwe limeandikwa kabla kuchuja hakujaanza. Unyang'anyi wa kutumia silaha ni miaka 5 mpaka 99 au maisha, kwa hiyo unawauliza, kama mmeshamkuta na hatia kwenye kosa la namna hii, kuna hali yoyote mnaweza kufikiria miaka mitano? Anaesema kamwe, mimi ni 30 kwenda juu, huyo hawezi kufikiria adhabu yote ya kisheria, na ni mtu wa kutolewa kwa sababu. Swali hili moja linaweza kuondoa watu wengi kuliko yote mengine.

Na sasa kitu ambacho mimi kinaniuma, na sijawahi kukiona kwenye mafunzo yoyote. Miaka ya mwanzo tulikuwa na mteja, kijana wa Bukavu, anaelewa Kiingereza cha kazini lakini mahakamani tulimuwekea mkalimani wa Kiswahili, ilikuwa haki yake na ilikuwa sahihi. Hatukuwauliza wale watu hata swali moja kuhusu mkalimani. Tulishindwa. Baada ya hukumu jaji alipowaruhusu kwenda, mama mmoja wa kwenye juri alizungumza na sisi koridoni bila ubaya wowote, akasema, yule kijana alitabasamu kabla mkalimani hajamaliza, nikajua Kiingereza anakijua, nikajiuliza kwa nini anajificha. Na jambo la pili alilosema: hakumtazama jaji usoni hata mara moja. Sisi tuliolelewa kule tunajua, mtu mzima akikusemesha unainamisha macho, ndo adabu, ukimkazia macho umemtukana. Yule mama hakujua, na nani alitakiwa kumuuliza? Sisi.

Tangu hapo mteja akiwa mtu wa kwetu haya tunayauliza dakika kumi za kwanza. "Nani hapa aliwahi kuishi sehemu ambayo lugha si yake? Ilikuwaje?" "Mtu ameishi Marekani miaka saba na bado anatumia mkalimani, mnaonaje?" Wengine watasema waziwazi kwamba mtu aje ajifunze Kiingereza, na unawashukuru na kuandika namba zao. "Kwenye familia zenu mtoto akigombezwa anatakiwa amtazame mzazi machoni au asimtazame?" Hili la mwisho nalipenda, manake mabenchi yote yanaamka, Mmexico anasema kwetu haruhusiwi, Mnigeria anasema hivo hivo, mzee wa Texas anasema baba yangu alikuwa anasema niangalie ninapoongea na wewe, na ghafla watu 65 wenyewe wameelezana kwamba macho hayapimi hatia. Wewe hujasema kitu.

Wakati haya yanaendelea msaidizi yuko wapi? Kwenye chati. Tengeneza karatasi kubwa yenye viboksi kwa mpangilio wa mabenchi, kila kiboksi na stika yake ili mtu akitolewa unaibandua. Andika maneno ya mtu yalivyotoka, usiandike "mbaya" au "hatufai". Ukienda kwa jaji kusema namba 23 atolewe, jaji atauliza alisema nini, na mpinzani atasema hakusema hivo. Ukiwa na maneno yake na umehakikisha wakili amemtaja kwa namba ili mchapaji wa kumbukumbu ajue nani anaongea, umeshinda nusu.

Kumbana mtu unaetaka atolewe kwa sababu kunataka mpangilio. Akishasema tatizo lake, wakili anamrudia taratibu: hayo ni mawazo uliyonayo siku nyingi? Ni ya kweli kutoka moyoni? Hata jaji akikuambia yaache pembeni yatabaki kukuathiri? Anajibu ndio, ndio, ndio, asante sana. Usipofanya hivo upande wa mashtaka watasimama wamuulize "lakini ukielezwa sheria utaifuata, si ndio?" na atasema ndio kwa sababu kila mtu anapenda kuonekana raia mwema, na amebaki.

Kukata sasa. Mnakaa pembeni dakika kumi na tano hivi, hesabu mstari umefika namba ngapi, panga wabaya wako kwa hatari. Mwenye maoni makali lakini mpole hana hatari kama mwenye maoni ya wastani ambae wenzake wakati wa mapumziko walikuwa wanamzunguka kumsikiliza. Huyo ndo atakuwa mwenyekiti mle ndani. Muulize na mteja pia, maisha ni yake, mara nyingi kuna mtu amemuona anamkodolea macho asubuhi nzima na sisi hatukuona.

Rangi na jinsia haziguswi. Tangu kesi ya Batson mwaka 1986 upande wa mashtaka hauruhusiwi kumkata mtu kwa rangi yake, 1992 ikawabana na utetezi, 1994 ikaongezwa jinsia. Ukiona wapinzani wanafanya hivo unapinga, wao wanatoa sababu, jaji anaamua kama sababu ni ya kweli. Na namna ya kuonyesha si ya kweli ni kulinganisha: wamemkata dada mweusi kwa sababu eti mjomba wake alifungwa, na mzungu namba 9 ambae kaka yake alifungwa wamemuacha? Hapo chati yako ni dhahabu. Kesi ya Miller-El ya Dallas, iliyoamuliwa na mahakama ya juu kabisa ya Marekani 2005, waendesha mashtaka walikata weusi 10 kati ya 11 waliokuwa wamepita, na moja ya vitu vilivyowaumbua ni hiyo hiyo kuchanganya majina kila weusi walipokaa mbele. Ya Curtis Flowers wa Mississippi ndo inaumiza zaidi, alishtakiwa mara sita kwa kosa lile lile, na kwa jumla upande wa mashtaka walikata weusi 41 kati ya 42. Kwenye kesi ya sita weusi watano waliokatwa waliulizwa maswali 145, wazungu 11 waliokaa waliulizwa 12. Kuna mtu alikaa akayahesabu hayo maswali, na kwa hesabu hiyo hukumu ilitenguliwa 2019. Hesabu maswali ya wapinzani wako pia.

Mahakama za shirikisho, yaani za serikali kuu ya Marekani, ni tofauti kidogo, mara nyingi jaji mwenyewe ndo anauliza na wewe unampelekea maswali kwa maandishi mapema, na kwenye kesi kubwa ya jinai utetezi wana 10 serikali 6. Arizona wamefuta kabisa kukata bila sababu tangu tarehe 1 Januari 2022. Soma sheria ya pale ulipo.

Jaji akikataa kumtoa mtu wako kwa sababu usikae kimya ukidhani rufaa itakuokoa. Texas wanataka uwe umemkata huyo mtu kwa kata zako mwenyewe, umemaliza zote 10, umeomba za ziada ukanyimwa, na umemtaja mtu mwingine aliyeingia ambae ungemkata kama ungekuwa na nafasi. Ukiruka hatua moja hoja imekufa.

Mwisho, karatasi za kukata zinapelekwa kwa karani na kila upande bila kuona ya mwenzake, kwa hiyo mnaweza kumkata mtu mmoja wote wawili, na hapo mstari haufiki mbali kama ulivyohesabu. Karani anasoma majina 12. Yafuatilie kwenye chati jina kwa jina, kidole juu ya karatasi, nimeshaona jina lililokatwa likisomwa kwa makosa. Na kama wapinzani wamekata kwa rangi, wakili asimame sasa hivi, hawa 12 hawajanyoosha mikono kuapa, kwa sababu wakishaapa muda wa kulisema umepita.